Tumbo la kuku wangu mzee limejaa maji: je, nilimkosea?

"Daktari, miaka mitano iliyopita nilileta nyumbani vifaranga sita wa siku moja ndani ya boksi la viatu. Mmoja akatokea kuwa jogoo, nikampa shemeji yangu; mmoja alibebwa na mwewe. Wanne waliobaki walitaga mpaka nikawa nagawa mayai. Mwezi uliopita nilimkuta mmoja amekufa asubuhi chini ya fito anapolala. Jana yake alikula vizuri, tena alikuwa mnene kuliko wenzake. Sasa mwingine, yule mwekundu ambaye binti yangu humbeba kila akitoka shule, ana wiki tatu anasimama wima kama mtu, anatembea ametanua miguu, na tumbo limekuwa kubwa na laini kama puto lenye maji. Hajataga kwa miezi miwili, na mayai yake ya mwisho hayakuwa na ganda. Anakula kidogo. Niliweka antibayotiki kwenye maji ya wote kwa siku tano, sikuona mabadiliko. Jirani anasema mayai yamemwishia na mafuta yamemjaa. Mume wangu anasema tuwachinje wote kabla ugonjwa haujaenea, halafu tulete vifaranga wapya. Mimi nalala nikijiuliza nilikosea wapi. Nifanye nini na huyu, na hawa wawili waliobaki?"

Dada yangu, pole. Umeuliza mambo mengi kwa mpigo, lakini naona hilo la "nilikosea wapi" ndilo linalokukosesha usingizi, basi tuanze nalo. Kwa uliyoyaeleza, sioni dalili ya ugonjwa wa kuambukiza hapo bandani kwako. Wala sioni kosa ambalo ungelirekebisha wiki tatu zilizopita huyu mwekundu angekuwa mzima leo. Ninachokiona ni kuku wawili waliozeeka katika kazi ya kutaga, kila mmoja akapatwa na lake. Sijamshika kuku wako, haya ni maoni ya mbali, na hapo chini nitakueleza kwa nini nataka mtu amshike wiki hii hii.

Watu wengi hudhani yai humtoka kuku bure bure, kama kucha zinavyoota. Si hivyo. Kuku wa mwituni wa Asia, ambaye ndiye asili ya kuku wote tunaowafuga, hutaga mayai 10 hadi 15 hivi kwa mwaka, anaatamia, analea, basi. Binadamu amemchagua huyo huyo kizazi baada ya kizazi mpaka akapata kuku anayeweza kufikisha mayai 300 kwa mwaka. Mwili bado ni mdogo, kazi imezidishwa mara ishirini.

Tazama inavyokwenda. Kuku ana ovari moja tu inayofanya kazi, ya kushoto. Inaning'inia karibu na uti wa mgongo kama kichala cha zabibu, na kila tunda la kichala hicho ni kiini cha yai kinachokua. Kiini kikiiva kinachomoka, na mdomo wa mrija wa mayai, uliotanuka kama faneli laini, unakidaka. Kikishadakwa hukaa hapo kama robo saa. Kisha kinashuka kuvikwa ute kwa saa tatu hivi, kinavikwa utando kwa saa moja na kitu, halafu kinatulia karibu saa 20 kwenye sehemu ya kutengeneza ganda. Jumla ni saa 24 hadi 26. Ganda moja hubeba gramu 2 hivi za kalsiamu, na kwa kuwa ganda hujengwa zaidi usiku, kuku amelala na hali chochote, sehemu ya kalsiamu hiyo hukopwa kwenye mifupa yake mwenyewe na kurudishwa mchana akila. Sasa fikiria kuku wako amefanya safari hiyo pengine mara elfu moja.

Penye kudaka ndipo balaa linapoingilia. Mara moja moja mdomo ule hukosa, kiini kikaangukia tumboni. Kwa kuku kijana mwenye afya si neno. Mwili hukinyonya na hutajua kama kimewahi kuanguka. Kuku akizeeka, mrija umelegea au umevimba kwa ndani, viini vinaanguka mara kwa mara. Kiini ni chakula, na bakteria wanaopanda kutoka njia ya haja hukifurahia. Tumbo linavimba kwa ndani, maji yanajikusanya, kuku anasimama wima kama pengwini kwa sababu ndivyo anavyopata nafuu ya uzito ule. Yale mayai ya mwisho yasiyo na ganda yalikuwa taarifa ya mapema kwamba sehemu ya chini ya mrija haifanyi kazi yake. Si lazima ungeielewa, maana yai lisilo na ganda huweza pia kutokana na joto kali, hofu au upungufu wa kalsiamu, na mara nyingi hupita.

Kuna sababu nyingine ya tumbo kujaa maji namna hii, nayo ni saratani ya ovari au ya mrija. Kuku ni miongoni mwa wanyama wachache wanaopata saratani ya ovari wenyewe, bila kusababishiwa, na kadiri anavyozidi miaka miwili ndivyo uwezekano unavyopanda. Ndiyo maana watafiti wa saratani hiyo kwa wanawake huwatumia kuku katika utafiti wao. Wanahusisha jambo hili na ule utagaji usiopumzika: kila kiini kinapochomoka, ngozi ya ovari hupasuka na kujiponya, hupasuka na kujiponya. Ini au moyo ukichoka pia maji hujaa. Kwa macho, kutoka nje, hali hizi hufanana sana.

Kwa hiyo jirani yako hakupatia kwenye mayai. Kifaranga jike huanguliwa akiwa na maelfu ya vijiyai vidogo mno, na hakuna kuku anayeishi kiasi cha kuvimaliza. Kinachopungua ni uwezo wa mwili kuviivisha na kuvifungasha. Kila mwaka, baada ya kunyonyoka na kuotesha manyoya mapya, kuku hurudi kutaga akiwa chini kidogo ya mwaka uliotangulia, na miezi miwili bila yai kwa kuku wa miaka mitano peke yake isingenishtua. Ni tumbo na ule mwendo vinavyonishtua.

Kwenye mafuta, jirani anaweza kuwa amegusa ukweli, ila kwa yule aliyetangulia. Kuku mnene, anayekula vizuri, anakutwa asubuhi amekufa bila dalili: jambo la kwanza linalonijia ni ini lenye mafuta. Mwili wa kuku anayetaga hutengeneza mafuta ya kiini ndani ya ini. Ukimpa nafaka na mabaki ya mezani kuliko mahitaji yake, na hana nafasi ya kutosha ya kuparuaparua, ini hujaa mafuta, likawa kubwa, la manjano, laini kama siagi iliyoachwa nje. Siku moja anajikaza kutaga, au ni siku ya joto, mshipa unapasuka ndani ya ini na damu inamwagikia tumboni. Ungemtazama upanga wake wa kichwani asubuhi ile huenda ungeukuta umepauka kabisa. Sisemi ndicho kilichomuua, kwa sababu hakupasuliwa. Lakini hilo ndilo ningekuomba ulifanyie kazi kwa ajili ya wale wawili, na nitalirudia.

Sasa dawa. Najua kwa nini uliiweka. Mtu akiwa na hofu mkono hutafuta cha kufanya. Ila antibayotiki ya kwenye maji ya wote ilikuwa na kasoro tatu. Kuku mgonjwa hunywa kidogo, kwa hiyo aliyekusudiwa ndiye aliyepata kiasi kidogo kuliko wote. Pili, kama ilikuwa ya jamii ya tetrasaiklini, ambazo ndizo watu wengi huzishika kwanza, kalsiamu iliyomo kwenye chakula cha kuku wa mayai huishika dawa tumboni na kuizuia isiingie kwenye damu. Tatu, hata ingeingia, haifiki panapohitajika. Ngoja nikueleze nilichokiona.

Zamani kidogo nililetewa kuku mweupe wa umri kama wa huyu wako, ndani ya kapu, tumbo limening'inia. Sikumpapasa vya kutosha. Nikampa antibayotiki, akachangamka siku nne, akarudi chini; nikampa ya pili, ikawa vile vile. Alipokufa nilimpasua mwenye kuku akiwepo. Yalitoka maji ya rangi ya chai, kama bilauri mbili. Ndani ya mrija wa mayai kulikuwa na donge la ukubwa wa ngumi ya mtoto. Nilipolikata katikati lilikuwa tabaka juu ya tabaka kama kitunguu: usaha uliokauka, kiini kilichoiva kwa joto la mwili, utando wa yai, usaha tena. Limekaa humo miezi. Hakuna dawa ya kwenye maji inayoweza kulipenya donge lile. Nilimpotezea yule kuku wiki tatu ambazo angeweza kupumzishwa, na tangu hapo siandiki dawa kabla ya kumpapasa kuku tumbo.

Na jambo moja la haraka: hao wawili nao walikunywa ile dawa. Angalia kwenye pakiti ni siku ngapi mayai hayaliwi baada ya dozi ya mwisho, na mayai ya siku hizo yatupeni, msile wala msimpe mtu.

Wewe mwenyewe unaweza kujua mengi kabla hujamwona daktari. Giza likiingia, kuku ametulia, mchukue umweke mapajani, kichwa kikielekea kwapani kwako. Usimlaze chali hata kidogo. Ndege hana kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo kama sisi. Hupumua kwa msaada wa mifuko ya hewa iliyotandaa mpaka tumboni, na huyu maji yake yanaibana mifuko hiyo. Ukimgeuza chali unaweza kumnyima pumzi mikononi mwako. Akiwa amekaa hivyo, pitisha vidole kwenye mfupa wa kidari, ule unaokwenda katikati ya kifua. Kwa kuku mwenye afya kuna nyama pande zote mbili na mfupa hausikiki mkali. Ukisikika kama upande wa kisu, kuku huyu anaisha nyama huku tumbo likimfanya aonekane mnene, na mzani utakudanganya. Kisha weka kiganja chini ya tumbo, kati ya miguu na njia ya haja. Maji hucheza ukigusa upande mmoja, ukayasikia upande wa pili. Mafuta hutulia kama donge la unga. Uvimbe huwa mgumu, hausogei. Usibinye, papasa tu. Asubuhi kabla hajala, gusa kile kifuko cha chakula chini ya shingo: kinapaswa kuwa kitupu. Kikiwa kimejaa na kinanuka chachu, chakula hakishuki, na hiyo ni habari mbaya kwa kuku aliye katika hali hii.

Mtu atakuambia yai limekwama. Yai likikwama ni dharura ya saa chache hadi siku moja au mbili: kuku anajikaza, mkia unapanda na kushuka, anaingia na kutoka kwenye kiota, anadhoofika haraka. Huyo humsaidia kumkalisha kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15 hadi 20, sehemu tulivu yenye joto, na kupata kalsiamu. Asipotaga siku hiyo anahitaji daktari, na kamwe usijaribu kulivunja yai ndani. Wa kwako ana wiki tatu. Kuku mwenye yai lililokwama kwa kawaida hafiki wiki tatu.

Tuje kwenye la kufanya. Njia ziko kama nne na hakuna hata moja nitakayokupamba kwa maneno.

Daktari wa mifugo anaweza kuyatoa maji kwa sindano, taratibu, si yote kwa mara moja, maana yakitoka ghafla shinikizo la damu huweza kushuka kuku akazimia. Ikienda vizuri utaona ajabu: kuku anatembea, anakula, anaoga vumbi siku hiyo hiyo. Lakini maji hurudi, kwa siku kadhaa au wiki kadhaa, kwa sababu chanzo kipo pale pale. Faida yake nyingine ndiyo ninayoipenda zaidi: maji yakitoka, mkono unaweza kupapasa kilichokuwa kimejificha nyuma yake, na rangi na harufu ya maji yenyewe humwambia daktari mengi. Yakiwa na usaha na harufu, antibayotiki ya sindano iliyochaguliwa vizuri ina maana. Yakiwa safi, na mkono ukakuta donge, dawa haina kazi.

Ipo pia homoni ya kuweka chini ya ngozi inayosimamisha utagaji kwa miezi. Huwasaidia kuku ambao tatizo lao ndiyo linaanza, kwa kuwa viini vinaacha kuanguka na mwili unapata nafasi ya kujisafisha. Kwa uvimbe uliokwisha kukua haiponyi. Tena si kila nchi inaruhusu itumike kwa ndege ambao mayai au nyama yao huliwa. Upasuaji wa kuondoa mrija hufanywa na madaktari wachache waliobobea kwa ndege, na kwa kuku wa miaka mitano aliyekwisha dhoofika nisingeupendekeza. Wengi hawaamki mezani.

Njia ya tatu ni kumtunza bila kumtibu: matandiko mengi makavu, chakula na maji karibu, fito ya chini kabisa ili asiruke, na sehemu ya nyuma kuoshwa na kukaushwa ili nzi wasitage hapo na kumwachia funza. Ni njia ya heshima kama bado ana siku nzuri. Na ya nne ni kumpumzisha.

Angekuwa wangu, ningempeleka atolewe maji mara moja, kwa makubaliano na daktari kabla hajaanza kwamba akikuta uvimbe, kuku asirudi nyumbani kuteseka. Asipokuwa na uvimbe na akachangamka, mpe nafasi. Maji yakirudi ndani ya wiki moja, sitoi mara ya pili. Hayo ni maamuzi yangu, na mwingine mwenye kipimo tofauti simlaumu, mradi kipimo chake kiwe hali ya kuku na si uchungu wa mwenye kuku.

Hapo ndipo wafugaji wenye upendo kama wewe hukwama. Kuku ni mnyama wa kuwindwa, na kwa asili huficha maumivu mpaka hawezi tena. Akionekana anaumwa, ameumwa muda. Kwa hiyo usingoje alie. Ukiona hashuki kwenye fito asubuhi, anakikataa hata kile kitu anachokipenda kuliko vyote, anapumua mdomo wazi na mkia ukipiga juu na chini, wenzake wameanza kumdonoa, au upanga wake umegeuka rangi ya zambarau, muda umefika. Siku mbili mbaya mfululizo zinatosha. Ya tatu usiisubiri. Daktari hutumia sindano. Pasipo na daktari, mtu mwenye mkono uliozoea huweza kutengua shingo kwa sekunde moja, na kuku haelewi kilichotokea. Usijifunzie kwa huyu. Kumzamisha majini au kumweka kwenye friza si upole hata kidogo. Akichomwa sindano ya kumpumzisha, mzike chini sana, mbwa na paka wasimfikie, kwa kuwa dawa ile hubaki mwilini na inaweza kuwaua. Na kuku mgonjwa wa hivi, kwa vyovyote alivyokufa, haliwi.

Mume wako hofu yake ni ya maana, ila inahusu ugonjwa mwingine. Mdondo, mafua makali ya ndege na jamaa zake haviui mmoja mwezi huu na kumvimbisha tumbo mwingine mwezi ujao. Vinakuja kama moto: kuku wawili watatu ndani ya siku chache, sauti za kukoroma, macho na uso kuvimba, kinyesi cha kijani, shingo kupinda, mayai kukatika kwa kundi zima. Ukiona hivyo, hapo ndipo nitakuwa upande wake kabisa: usihamishe ndege yeyote, usiuze, usigawe, usimpasue aliyekufa, na mpigie afisa mifugo siku hiyo hiyo, maana katika nchi nyingi magonjwa hayo sheria inataka yaripotiwe. Hao wawili wanaokula, wanaoparua na kuoga vumbi hawana kosa la kuchinjwa kwa sababu ya tumbo la mwenzao.

Kwao ningefanya hivi. Punguza nafaka na mabaki ya mezani yawe kionjo cha jioni, si mlo. Mlo uwe chakula kamili cha kuku wa mayai, na maganda ya kome au chokaa ya mifugo kwenye chombo chake pembeni, kila mmoja achukue anavyohitaji. Wapate nafasi ya kutembea. Usiwawashie taa ili wazidi kutaga. Mwanga wa saa 14 hadi 16 huamsha ovari, na ovari ya kuku mzee inastahili likizo. Wapapase kidari mara moja kwa wiki, dakika mbili tu, mpaka mkono wako uwajue kuliko jicho. Na akifa mwingine ghafla, mfunge kwenye mfuko, umweke kwenye jokofu mahali pasipo na chakula, si kwenye friza kwa sababu barafu huharibu nyama za ndani, umpeleke kupasuliwa kesho yake. Uchunguzi huo mmoja ungekupa jibu kuhusu yule wa mwezi uliopita, na pengine ungekupunguzia wiki hizi za kujilaumu.

Vifaranga wapya leteni, lakini si kesho. Ngojeni jambo la huyu mgonjwa liishe, banda lisafishwe, na usiku mmoja upite na tochi kwenye nyufa za fito. Utitiri mwekundu hujificha humo mchana na kunyonya usiku, na joto likiwa zuri kizazi chake hukamilika kwa wiki moja hivi. Kuku wazima huvumilia. Vifaranga huishiwa damu.

Umekwisha kulea vifaranga kwenye boksi la viatu, kwa hiyo mengi unayajua: joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, likishushwa nyuzi 3 hivi kila wiki, na kuwatazama wao kuliko kipimajoto. Wakijibana chini ya taa wanaona baridi, wakikimbilia pembeni wanaungua, wakitawanyika wakila wako sawa. Ambalo hukuwa nalo mara ya kwanza ni wakubwa bandani. Kuku mzima huweza kubeba vimelea vya kuhara damu na virusi vya Marek, ugonjwa unaopoozesha kuku wadogo na kuwaotesha uvimbe, miaka mingi bila kuumwa, vikatoka na kinyesi na vumbi la manyoya. Kwa hiyo chukua vifaranga waliochanjwa Marek siku ya kuanguliwa, na uwalee mbali na wakubwa, ukiwahudumia wao kwanza kila asubuhi kisha ndio uende kwa wakubwa, si kinyume chake. Chakula nacho kina mtego: cha kuku wa mayai kina kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4, na kiasi hicho huharibu figo za kifaranga. Mtakapowaunganisha, wote wale chakula cha kuku wanaokua, maganda yakae pembeni. Wanaotaga watayafuata wenyewe, wadogo watayapita.

Waungane wakikaribia ukubwa wa wakubwa, wiki ya 12 hadi 16. Kwanza wiki moja au mbili wakitazamana kupitia wavu. Watu husema waingize usiku, asubuhi wataamka wamezoeana. Usiku hupunguza fujo ya saa ya kwanza, haufuti wiki ya wavu. Kudonoana kutakuwepo, kwa sababu kila kundi lazima lipange nani atangulie kula. Weka vyombo vya chakula viwili na kona ya kujificha, usiingilie mpaka uone damu. Na usilete kifaranga mmoja wala wawili; leta wanne au watano, wagawane vitisho vya wakubwa. Kuna sababu nyingine ya kutochelewa mno: mmoja wa wazee hao siku moja atabaki peke yake, na kuku wa peke yake hulala vibaya, hula vibaya, na kutwa hutafuta sauti ya mwenzake.

Binti yako mwambie ukweli kabla ya safari ya kwa daktari, si baada ya kurudi na kapu tupu. Mwambie tumbo la kuku wake limejaa maji kwa sababu mashine ya mayai imechoka, kwamba daktari ataangalia kama kuna la kufanya, na kwamba lisipokuwepo hatarudi. Ambebe leo jioni, kwa kumkalisha wima, mkono chini ya miguu, bila kumbana tumbo. Kisha anawe mikono vizuri kwa sabuni.

Usiache wiki hii ipite bila daktari wa mifugo. Mpeleke asubuhi mapema kabla ya joto, kwenye kapu lenye nyasi kavu, na uchukue kinyesi chake cha siku hiyo ndani ya kikopo chenye kifuniko. Pakiti ya ile dawa uliyoweka kwenye maji nayo iende, daktari ataiulizia.